Mzee Benjamini na Uzi Uliochemshwa Mara Mbili

Leo ni Alhamisi, tarehe 25 Novemba, 1993, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu naahidi kusema yote, bila kupunguza na bila kutia chumvi. Mzee Benjamini Shemhina anastaafu Jumanne ijayo, tarehe 30, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na moja na miezi miwili. Jumamosi wasifu huu utasomwa mbele ya wafanyakazi, mchungaji, shehe na wageni kutoka wilayani. Kabla ya hapo, kwa desturi ya hospitali hii, mstaafu hupelekewa nakala aisome peke yake, asahihishe tarehe na majina, kisha atie sahihi chini. Ni desturi nzuri. Mwaka juzi ilimwokoa dereva mmoja aliyekuwa ameandikwa kuwa marehemu.

Wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Wafanyakazi wenzake walikutana mara mbili, kila mmoja akamsifu mwingine kwa mwandiko mzuri, na kazi ikaishia kwa Mwalimu Jenoveva, anayefundisha biolojia shuleni kwetu na asiyejua kukataa. Naye akanipa mimi, Nasra Ibrahimu wa Kidato cha Tatu. Aliniagiza niandike kwa heshima na kwa ukweli. Hakuniambia nifanye nini hivyo viwili vikigombana.

Ni haki msomaji ajue mapema kwamba mama yangu, Bi Mwajuma wa Magamba, ni mmoja wa waliohudumiwa na Mzee Benjamini, na kwamba mpaka leo hajapona. Alipasuliwa ngiri ya kitovu mwezi wa Julai, jeraha likafumuka, na ngiri imerudi. Daktari bingwa kutoka Tanga, ambaye hupanda huku mara moja kwa mwaka, atafika Jumatatu tarehe 6 Desemba. Orodha ya wagonjwa wake inafungwa Jumanne saa sita mchana. Mama hayumo, na sababu ya kutokuwamo imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye faili lake. Nitafika hapo. Kwanza sifa.

Mzee Benjamini alizaliwa upande wa Bumbuli na alifika hospitalini Septemba 1962, kwa miguu, akiwa na viatu mkononi ili visichakae. Alianza kwa kufagia. Baada ya miezi sita sista Mjerumani aliyesimamia chumba cha upasuaji alimwona akiosha ufagio kabla ya kufagia na baada ya kufagia, akamtoa uwanjani siku hiyohiyo, akamweka kwenye chumba cha vyombo. Alimpa aproni, saa ya ukutani na kanuni moja: kisichochemka nusu saa si safi. Mtu mwingine angepewa kanuni kumi akashika mbili. Mzee Benjamini alipewa moja na ameishika kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuiuliza swali hata siku moja.

Alichemsha visu, mikasi, koleo, sindano na mabakuli. Alichemsha glavu, akazitia viraka, akachemsha viraka. Mwaka 1971 alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, mtu mzima mwenye sauti, akaacha meno yake ya bandia kwenye bakuli alipokwenda kunawa uso. Mzee aliona bakuli, akaona kilichomo, akatimiza wajibu. Meno yalirudishwa baada ya nusu saa, yamefungwa kwa kitambaa cheupe, yakiwa bado ya moto. Mkaguzi hakusema neno mchana kutwa, jambo ambalo wafanyakazi wa wakati ule wanalikumbuka kwa shukrani, na taarifa yake ilisifu usafi.

Sasa niseme kitu ambacho si mzaha. Kati ya mwaka 1979 na 1984, wakati sukari ilipangiwa foleni na sabuni ilikatwa vipande kama mkate, uzi wa kushonea majeraha uliisha hospitalini, ukaisha Tanga, ukaisha nchini. Daktari wa wakati ule alikaa kwenye ngazi ameshika kichwa. Mzee Benjamini akamwandikia shemeji yake, mvuvi wa Tanga, na baada ya wiki mbili ukapanda kwa basi la kutoka Mombo mzigo wa mshipi wa nailoni. Aliukata kwa dhiraa, akauchemsha, na watu wakashonwa. Sista Secilia, ambaye ndiye mkubwa wa chumba cha upasuaji siku hizi, anakadiria kwamba wanatembea milimani watu zaidi ya mia sita wenye mshipi wa kuvulia ndani yao, na hakuna aliyeoza jeraha. Mkulima mmoja alirudi baada ya miaka mitatu akilalamika kwamba ncha imechomoza tumboni kama ndevu ya kambale, akauliza aivute. Mzee akamwambia, "Acha, ndugu yangu. Huo ni wa kuvulia papa, wewe utauweza wapi?"

Kwa hayo anastahili bati ishirini na blanketi atakazopewa Jumamosi. Ningekuwa na uwezo ningeongeza bati nyingine.

Hapa sina budi kueleza mambo ya ndani ya mwili, maana bila hayo huduma ya Mzee haiwezi kupimwa sawasawa. Bwana Mbaraka, fundi wa maabara, aliniruhusu kutazama kwenye hadubini yake Jumamosi tatu mfululizo. Alikuwa amehifadhi vioo vya ute uliokwanguliwa kwenye mshipi wa mkulima yule wa ndevu za kambale, ambao hatimaye ulitolewa mwaka jana baada ya kukaa mwilini miaka kumi.

Nailoni na ndugu zake ni polima, yaani molekuli ndefu zilizoundwa kiwandani kwa kuunganisha vipande vidogo vinavyofanana, kimoja baada ya kingine, kama pete za mnyororo. Mwili haukuzaliwa na kitu hicho. Kikiingizwa tu, unatuma seli nyeupe za damu zikaulize hodi imepigwa na nani. Za kwanza hufika baada ya saa chache. Ni ndogo, zina hasira, na hufa baada ya siku moja au mbili. Nyuma yao, taratibu, zinakuja kubwa, ambazo Bwana Mbaraka huziita walaji. Mlaji akikuta kijidudu hukimeza. Akikuta uzi anashindwa, kwa sababu kwake yeye uzi ni gogo la mkaratusi. Basi walaji hukusanyika na kuungana miili, kumi, ishirini, mpaka wanakuwa jitu moja lenye viini vingi. Jitu hilo hujilaza juu ya uzi, hubana kingo zake kama mtu anayefunika sufuria ya wali, na chini ya mfuniko huo humwaga asidi, vimeng'enya, na oksijeni ya namna fulani kali inayoutafuna uzi kama kutu inavyotafuna bati. Pete za mnyororo zinaanza kukatika moja moja.

"Hesabu viini vya huyu," Bwana Mbaraka aliniambia. Nikahesabu kumi na saba. "Basi hiyo ni kamati," akasema. "Na kama kamati zote, imekaa miaka kumi na haijamaliza."

Ni kweli haikuwa imemaliza. Tulipouweka mshipi wenyewe chini ya hadubini, ngozi yake ilikuwa na nyufa kama udongo wa shamba mwezi wa Februari, lakini ulikuwa mzima. Bwana Mbaraka aliuvuta kwa mikono miwili, na haukukatika.

Kisha ikaja ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa na kila kitu kikapanda mlima. Ilikuja sabuni yenye harufu, yakaja masweta ya mitumba yenye majina ya shule za watu wengine, na soko letu la Lushoto, ambalo limezungukwa na miti ya mapeasi kila upande, likaanza kuuza juisi ya peasi ya kopo kutoka ng'ambo. Mwanzoni mwa mwaka huu mfanyabiashara mmoja alileta hospitalini makatoni ya uzi mpya wa rangi ya zambarau, kila kipande ndani ya pakiti yake inayong'aa.

Uzi huu nao ni polima, lakini una tabia nyingine. Umetengenezwa makusudi uishe. Maji ya mwilini yenyewe hupenya katikati ya pete na kuzikata. Kwa wiki mbili hadi tatu uzi hushikilia jeraha, halafu hulegea, halafu huwa makombo, na hapo ndipo walaji wanapopata riziki wasiyoitolea jasho. Humeza makombo, mwili huyatumia, na yanayobaki hutoka kama pumzi na mkojo. Baada ya miezi mitatu au minne hakuna uzi wala kamati. Ni kazi nzuri sana na mimi naipenda kuliko somo lolote nililowahi kufundishwa. Ina sharti moja tu. Kinachoukata uzi ni maji, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo yanavyokata upesi. Maji ya joto la mwili huchukua wiki tatu. Maji yanayochemka hayana subira hiyo.

Pakiti zilikuwa na maandishi ya lugha tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa Kiswahili, labda kwa kuwa mtengenezaji hakutegemea sisi tungeshonwa. Zote tatu zilisema kwamba uzi umekwisha kusafishwa, usisafishwe tena, na pakiti ikifunguliwa uzi utumike au utupwe. Mtu aliyewahi kuomba mshipi kwa shemeji hawezi kuambiwa atupe uzi. Na mtu mwenye kanuni moja hawezi kuamini usafi uliofanywa na mtu asiyemjua, mahali asipopaona. Mzee Benjamini alifungua pakiti zote siku zilipofika. Aliuchemsha uzi nusu saa. Kisha, kwa kuwa ulikuwa mgeni, aliuchemsha nusu saa nyingine. Akauweka kwenye chupa ya maji yaliyotiwa spiriti kidogo, na chupa akaiweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko la kuchemshia, ili uzi usishikwe na baridi ya Lushoto. Pakiti, kwa kuwa zilikuwa zinang'aa, alizikata nyota za Krismasi ijayo. Zipo kwenye boksi, pamoja na maonyo yake ya lugha tatu, tayari kutundikwa.

Kwenye daftari la upasuaji iliandikwa, "Uzi mpya, wa pakiti." Ni kweli tupu. Ulikuwa mpya na uliwahi kuwa ndani ya pakiti.

Matokeo yalikuwa maajabu ya sayansi. Kuanzia Juni hadi Agosti wilaya yetu ilipata watu wanne ambao miili yao inakula uzi. Wawili ni Waislamu, mmoja ni Mlutheri na wa nne ni mpishi wa padri wa Gare, kwa hiyo ugonjwa huu haubagui dini. Hawana undugu, na hawakuwahi kula pamoja. Kitu pekee kinachowaunganisha ni ile chupa, lakini chupa haikuulizwa.

Mama alishonwa Jumatano tarehe 14 Julai. Jumapili tarehe 18 alikohoa mara moja, kikohozi cha kawaida cha moshi wa kuni, na kila kitu kikafumuka. Mzee Benjamini aliitwa kama mtu wa siku nyingi. Alichukua ncha ya uzi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Damu ya huyu mama ni kali. Imekula uzi." Daktari wetu alikuwa na miezi mitatu tu tangu aletwe kutoka Dar es Salaam, na alikuwa amelelewa kuheshimu wazee. Alichukua kalamu nyekundu akaandika: MWILI UNAKULA UZI. ASIPASULIWE TENA.

Mama akarudi nyumbani na mkanda wa kitambaa tumboni na amri ya kutobeba kitu. Shamba letu la kabeji liko bondeni na barabara iko juu. Kabla ya Julai alikuwa anapandisha tenga mara sita kwa siku ya soko. Sasa anakaa ukingoni na kutuelekeza namna ya kubeba, na hakuna mtu duniani anayejua kuelekeza vizuri kama mtu aliyekatazwa kubeba.

Habari ya damu kali ilishuka Lushoto ikatufikia shuleni kabla ya chai. Rafiki yangu Esta, ambaye bado ni rafiki yangu, alinipisha kwenye benchi akisema, "Wee Nasra, usiniguse sweta, litafumuka." Darasa likacheka wiki nzima. Mtu akipoteza kifungo, mimi ndiye niliyekila. Nilicheka nao, kwa sababu ilichekesha. Haikuchekesha walipokuja shangazi zake mchumba wa dada yangu Rukia. Walikunywa chai, wakasifu maua ya uani, kisha mkubwa wao akasema, "Sisi hatuna neno, mama. Tunauliza tu. Hao watoto wakizaliwa na damu hii, wakijikata, watashonwaje?"

Mama akajibu, "Kwa cherehani."

Waliondoka bila kumaliza mandazi. Hawajarudi na hawajavunja uchumba. Rukia ameacha kudarizi mito, na mimi najua ni kwa sababu gani, ingawa anasema ni macho.

Yote haya niliyaamini na mimi. Naliandika hili kwa aibu, maana nilikuwa wa kwanza katika biolojia. Nilitazama mkono wangu mwenyewe nikiwaza kilichomo ndani yake. Lakini mwezi uliopita Mwalimu Jenoveva alitufundisha seli nyeupe, akachora ubaoni siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, nani anafika lini. Nikanyoosha kidole, nikauliza siku ya nne walaji wanakuwa wamefika wapi. Akasema, "Siku ya nne? Ndiyo kwanza wanavua viatu mlangoni." Nikakaa. Siku ya nne ndiyo siku aliyokohoa mama. Hao wanaoshtakiwa kwamba wamemaliza uzi mzima walikuwa hawajanawa mikono.

Nilikwenda kwa Mzee Benjamini kwanza, kama nilivyofunzwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti. Nilimweleza kwa adabu juu ya siku ya nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa wema kabisa, akasema, "Mwanangu, mimi nachemsha tangu mama yako hajaota meno. Maji ya moto hayajawahi kumdhuru mtu." Akanipa peasi nile njiani. Lilikuwa tamu.

Basi nilikwenda kwa Bwana Mbaraka. Sista Secilia alitafuta akapata pakiti moja ambayo haikufunguliwa, imeanguka nyuma ya droo. Mzee mwenyewe alitugawia uzi wa kwenye chupa, vipande vitatu, bila kuuliza wa nini, kwani siku zote hakuwa mchoyo. Tulitundika uzi wa pakiti ndani ya bilauri moja na wa chupa ndani ya nyingine, kila mmoja umefungiwa betri kuukuu ya redio, tukajaza maji, tukaziweka kwenye kabati la maabara lenye joto la mwili. Uzi wa chupa ulikatika siku ya pili kabla ya chai ya saa nne. Tulirudia kwa kipande cha pili. Ukakatika asubuhi ya siku ya tatu. Uzi wa pakiti leo una siku kumi na mbili na betri bado inaning'inia. Ndani ya bilauri zile hamna seli nyeupe hata moja. Hamna damu kali wala damu pole. Ni maji ya bomba.

Alhamisi iliyopita Bwana Mbaraka alimwita Mzee aje kuona. Mimi nilikuwepo. Alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma. Akauliza, "Maji haya mmeyatoa wapi?"

"Bombani, mzee."

"Mmeyachemsha?"

"Tumeyachemsha, yakapoa."

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hapo tumefanya vizuri. Halafu akachukua kipande cha tatu cha uzi wa chupa, akakivuta kidogo kati ya vidole vyake, na kikakatika bila sauti, kama ugwe wa mgomba uliokauka. Alibaki ameshika vipande viwili. Alisema, "Haya." Akavaa kofia yake akatoka, akapita uwanjani bila kumwamkia mtu, yeye ambaye husalimu kwa Kisambaa "onga makeo" hata mbuzi wa mlinzi.

Tangu siku hiyo chupa haipo kwenye rafu. Imeoshwa na imegeuzwa kifudifudi. Bwana Mbaraka alikwenda kwa daktari, akaeleza kila kitu, na daktari akasikiliza kwa makini. Kisha akasema kwamba bilauri si mgonjwa, kwamba daftari linasema uzi wa pakiti, na kwamba hawezi kufuta wino mwekundu kwa maneno ya mtu ambaye hakuwa chumbani. "Mwenye ufunguo wa chumba cha vyombo anasemaje?" aliuliza. Mwenye ufunguo ni mmoja tangu mwaka 1963. Mwenye ufunguo hajasema kitu.

Mimi simlaumu kama watu wanavyolaumu. Nimefikiri sana jambo hili nikiwa nimebeba matenga. Kuna makosa ya uvivu na makosa ya wizi, na wilaya yetu inayajua yote mawili kwa majina. Hili ni kosa la mtu aliyetii. Laiti angekuwa mzembe kidogo, laiti siku ile angechelewa kuwasha jiko au angechoka baada ya nusu saa ya kwanza, huenda mama angekuwa bondeni sasa hivi akipandisha kabeji. Lakini mzembe huyo asingemwandikia shemeji mwaka 1979, na watu mia sita wasingekuwa na ncha za mshipi za kulalamikia. Sijui namna ya kuitoa hesabu hii. Ninachojua ni kwamba wa upande mmoja watampigia makofi Jumamosi, na wa upande wa pili, wanne, wamekaa nyumbani wakiamini kwamba miili yao imewageuka.

Nimezungumza nao wote. Mpishi wa padri ameacha kula nyama ili kuipoza damu. Mama hajaacha kula chochote, ila siku hizi akijichoma na mwiba hutazama tone la damu kwa muda kabla ya kulifuta, kama mtu anayetazama mbwa wake aliyemuuma.

Kwa niaba ya hospitali nimeagizwa kumshukuru Mzee Benjamini kwa visu vilivyong'aa, kwa glavu zilizotiwa viraka, kwa mabakuli yasiyohesabika, kwa mshipi wa Tanga, na kwa kutochelewa kazini hata siku moja, hata siku ya harusi yake, alipofika saa moja asubuhi, akachemsha, kisha akaenda kanisani. Kwa niaba yangu namshukuru kwa peasi. Tunamwombea uzee wenye magoti mazima, mvua za vuli zinazokuja kwa wakati, wajukuu wanaoitikia wakiitwa mara ya kwanza, na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua liingie dirishani, pasiwe na kitu chochote cha kuchemsha isipokuwa chai.

Kurasa hizi zote nimeziandika kwa wino, na zile za daktari, za shamba letu na za nyumbani kwetu sitazisoma Jumamosi, maana ni zako peke yako, Mzee. Iko aya moja tu ambayo ningependa isomwe, mbele ya daktari, na chini yake iwepo sahihi yako. Hiyo nimeiandika kwa penseli. Inasema hivi:

Mwaka 1993 Mzee Benjamini, kwa nia ya usafi, alichemsha mara mbili uzi ambao haukutakiwa kuchemshwa. Uzi ulikatika kabla ya siku zake. Miili ya wagonjwa wanne haikufanya kosa lolote.

Shikamoo, Mzee. Aliyekuletea karatasi hizi ni dada yangu Rukia. Amekaa kwenye benchi nje ya mlango wako, amesema hatakunywa chai, atasubiri jibu. Je, aya ile niifute kwa raba, au niipitishie wino?